Mstari wa Arobaini na Moja

Mimi ndiye niliyeupiga chapa mstari huo,
ofisi ya bajeti, ghorofa ya pili,
umeme ukikatika katikati ya ukurasa:
Malezi. Masomo ya Jumamosi. Shule nne za Kadutu.
Mbele yake tarakimu, wala si kubwa,
bei ya matairi ya gari moja la mkubwa,
yale manne, bila la akiba.

Kikaoni mheshimiwa mmoja alivua miwani:
"Na sisi je, mama zetu walisomea wapi kutulea?"
Wakacheka. Nami nikacheka;
karani hucheka wakubwa wakicheka.
Kisha nikakuta kidole changu kimeshika kovu,
hapa juu ya nyusi,
la mshipi wa baba, upande wa chuma.
Baba hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka,
na hakuna aliyewahi kumwonyesha
mahali pengine pa kuutua uchovu.

Nikatumwa kukagua.
Nikapanda vijia vya Kadutu kwenye matope ya Machi,
nikijishikilia mabati ya nyumba za watu,
hadi darasa la tano. Paa linavuja,
ndoo inapokea: ta, ta, ta.
Madawati ya watoto, magoti ya watu wazima.
Nabintu, miaka kumi na sita, mwanawe titini,
daftari la hesabu chini ya kiwiko.
Cirhuza, wenzake humwita "Papa" kwa kumcheka,
ndevu hajanyoa, maana hazijaota.
Na karibu na mlango, Mama M'Bisimwa,
muuza sambaza, magamba yaking'aa vidoleni.
Alimchoma mjukuu mkono
kwa ajili ya samaki watatu.
Mkuu wa mtaa ndiye aliyemleta. Hasemi.

Mwalimu Ntakwinja aliandika ubaoni,
kwa kipande cha chaki kisichozidi punje ya maharage:
Mtoto akililia wembe, mpe.
"Haya," akasema. "Nani anampa?"
Wakabishana. Cirhuza akasema atampa, ili ajue.
Nabintu akasema ajue nini, damu?
Mvua ikazidi, hatukusikiana,
na ilipopungua sauti ikatoka mlangoni,
nzito, kama mlango wenyewe:
"Aliyesema hivyo hakuwahi kuosha kidonda cha mjukuu."
Hakuna aliyemjibu.
Nabintu alisogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja,
na yule mama, baada ya muda mrefu, akaja kuikalia.

Nikaandika ripoti.
Wahudhuriaji thelathini na wawili.
Sabuni hakuna. Mwalimu hajalipwa tangu Novemba.
Sikupata safu ya kuandika
jinsi Cirhuza alivyopokea shingo ya yule mtoto
kwa vidole viwili, kisha vitatu, kisha kiganja kizima,
akasahau kupumua.
Umleavyo ndivyo akuavyo, tunasema,
methali haikutaja nani atanunua chaki.

Jioni ile mwanangu Ombeni aliangusha kioo cha taa.
Mkono wangu ulikuwa tayari juu;
mkono huo una elimu yake, ya zamani, ya bure.
Ukabaki hewani, haujui pa kwenda.
Ombeni alikuwa ameshafumba macho.
Nikaupeleka kwenye ufagio.
Tukazoa vioo wawili, kwa mwanga wa simu,
na mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Jumatatu bosi aliniita:
"Mstari wa arobaini na moja, futa."
Nikasema, nami sijui nilikotoa sauti,
"Bosi, tupunguze tu."
Akanitazama. Akatazama saa.
Akakata nusu kwa kalamu nyekundu, akaenda kula.

Nusu ya matairi manne ni mawili.
Gari halitembei kwa matairi mawili.
Lakini pikipiki hutembea,
na kule juu Kadutu, Machi, kwa matope yale,
gari la mkubwa halijawahi kufika.